Mizani Iliyolijua Jiwe Lake

Yohane hakumwamkia mtu siku hiyo, na huku milimani mtu akipita bila salamu ujue ana lake. Aliupita mstari mzima wa wanawake wenye matenga ya majani ya chai, mfuko wa saruji begani, akafika mbele ya banda na kuubwaga juu ya mizani. Bamba la chuma likalia. Vumbi la kijivu likamrukia karani usoni.

"Soma," alisema.

Karani wa mizani wa kituo cha Kwemkole, juu ya Mgwashi, alikuwa Twaha. Mtu mwembamba, mpole, wa kuvaa koti la suti hata siku ya mvua, kwa sababu aliamini kazi ya mizani ni kazi ya heshima. Akajifuta macho.

"Yohane ndugu yangu, hapa tunapima majani."

"Nimesema soma! Soma kwa sauti, watu wasikie."

Twaha aliinama kwenye kioo. Namba nyekundu zilitetemeka, zikatulia. Hakusoma. Alidhani ni vumbi, akafuta kioo kwa mkono wa koti. Namba zilikuwa zilezile.

"Arobaini na tatu nukta sita," alisoma mwanamke wa mbele ambaye hakuombwa.

Hakuna aliyehitaji kuuliza mfuko una uzito gani. Nyumba zote za Kwemkole zenye sakafu ya saruji zilijengwa kwa mifuko iliyopandishwa vichwani kutoka barabarani, na shingo za watu hawa ziliijua kilo hamsini vizuri.

"Nimeununua Soni leo asubuhi, uzi wake huu hapa haujaguswa," Yohane aliwageukia watu. "Nimeupima dukani, hamsini. Nimeupima kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, hamsini. Umefika kwa Twaha, umekonda!"

Watu walicheka mara moja, kisha kicheko kikakatika.

"Ngojeni," alisema Twaha. "Ngojeni niwawekee jiwe."

Jiwe lenyewe lilikuwa chuma cheusi cha kilo ishirini chenye mhuri wa serikali. Kila siku ya majani, kabla ya tenga la kwanza, Twaha alilipandisha mizanini mbele ya watu wote, na mizani ikasema ishirini. Ndipo kazi ilipoanza. Ulikuwa utaratibu mzuri, na watu waliuheshimu kama wanavyoheshimu adhana. Sasa akalinyanyua tena.

Ishirini kamili. Twaha akashusha pumzi. "Mnaona? Mizani ni nzima."

Wakaurudisha mfuko. Arobaini na tatu nukta sita. Wakarudisha jiwe. Ishirini. Pale ndipo Mzee Rubeni, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, alipotoka mstarini, akaliacha jiwe lilipo, akalaza jembe lake juu yake.

Namba zikashuka. Kumi na tisa nukta mbili.

Mzee akaondoa jembe. Ishirini. Akaliweka. Kumi na tisa nukta mbili. Kitu kimeongezwa, uzito umepungua. Hata mtoto aliyefungwa mgongoni angeliona hilo.

"Mizani inalijua jiwe lake," Mzee Rubeni alisema taratibu. "Likipanda jiwe, inaliamkia shikamoo. Tukipanda sisi, inatuibia."

Twaha alifungua mdomo aseme. Tenga lilimpiga mdomoni kabla neno halijatoka.

Waswahili husema wengi wape, na wengi wakaanza kujitwalia. Mama aliyerusha tenga alikuwa jirani yake, ambaye walikopeshana chumvi tangu alipooa. Fimbo ya kahawa ilimwangukia begani, ncha ya buti ikamwingia mbavuni. Walimvuta kwa lile koti lake mpaka mikono ikachanika, wakamwangusha kwenye majani yaliyomwagika. Kila pigo lilikuja na maneno yake. "Ada ya shule ya mwanangu!" Teke. "Dawa za mume wangu!" Teke. Walikuwa watu waliochuma kwenye ukungu, mgongo umepinda, vidole vimepasuka, na wiki kadhaa wamejiuliza mbona wanachuma sana na wanapata kidogo. Sasa jibu lilikuwa chini ya miguu yao, lina pumzi.

Katikati ya miguu hiyo Twaha alimwona shemeji yake Sharifu, kaka wa mkewe, fundi simu wa Soni. Ndiye aliyempandisha Yohane na saruji yake kwa pikipiki asubuhi hiyo, wala hakuuliza saruji ni ya nini. Twaha alipata nguvu. Akamnyooshea mkono.

"Shemeji, nisaidie!"

Sharifu aliutazama ule mkono. Akaukanyaga kwa kisigino, akauzungushia uzito wake wote, mpaka mifupa ikalia.

"Mwizi hana shemeji!" alipiga kelele. "Mmalizeni!"

Watu wakashangilia. Kijana huyu, walisema, ni mtu wa haki.

* * *

Aliyemwokoa Twaha kwa muda alikuwa Mzee Rubeni, na hakumwokoa kwa huruma.

"Mkimuua sasa mmepoteza," alisema, amemsimamia kwa jembe. "Twaha anajua kuwasha na kuzima, basi. Aliyeifundisha mizani kudanganya ni mwingine. Nataka jina. Polisi nimewapigia, wanasema barabara ya upande wao imekatika kwa maporomoko, wanakuja kwa miguu kutoka kule gari lilipokwama. Twendeni kwake. Lori la majani hupita upande wa kiwandani; likifika na hajataja, mimi sitakuwa na la kusema tena."

Wakamburuta mpaka nyumbani kwake, mizani imebebwa mbele na jiwe nyuma, watu wamefuatana kwa msafara. Uani walijaa mpaka kwenye migomba. Wakaingia ndani kutafuta mali iliyoibwa. Walichana godoro la sebuleni, wakakuta sufi. Walimwaga pipa la mahindi, wakakuta mahindi. Mtu mmoja alitoka na beseni la nepi za mtoto na sidiria ya mzazi, akazimwaga uani mbele ya wanaume, kwa kuwa hakupata kingine cha kumwaga. Chumbani hawakuingia. Chumbani kulikuwa na mzazi ambaye hajatimiza arobaini, pamoja na mama mkwe, na hata hasira ina mipaka yake, japo mtaona jinsi ilivyokuwa mifupi.

Twaha walimtupa sebuleni, wakafunga mlango. Alikaa sakafuni, mkono wa kulia umevimba, damu inamchuruzika kwenye kidevu. Pazia la chumbani likafunguka, Rahma akatoka na kopo la maji. Alikuwa bado na udhaifu wa uzazi, anatembea kwa kujishika ukutani. Alipomwona mumewe akaketi karibu naye sakafuni.

"Wamekufanya nini?"

"Rahma, nisikilize. Lakiri haijaguswa."

Alimaanisha ule muhuri mdogo wa risasi uliofungwa kwenye kifuniko cha mizani. Walipopewa mizani hizi, makarani wote waliitwa kwenye mafunzo Lushoto mjini, na mwalimu akawaeleza: hii ni kompyuta, ina programu ndani, na programu hiyo ndiyo akili yake. Lakiri inalinda boksi. Akili inalindwa na wewe karani. Ilale chumbani kwako, mlango una kufuli. Na hili tundu la kuchajia ndiyo njia ya kuingilia akilini mwake, asiliguse mtu, hata mkeo. Makarani walicheka aliposema hata mkeo. Mwalimu alikuwa mtu wa mbali. Hakujua kuwauliza watu wa Usambara swali lingine: je, mkwe akija kulea mzazi, mizani italala wapi?

Maana mkwe alikuja. Bi Zuhura alipanda kutoka Mnazi siku mtoto alipozaliwa, akapewa chumba na binti yake, Twaha akahamia sebuleni. Kwa mila, mtu na mama wa mkewe hawalali chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawali sahani moja. Wakikutana njiani mmoja anaingia shambani mwenzake apite. Hivyo kila jioni Twaha aliisukuma mizani chini ya pazia, akageukia ukuta. Asubuhi Rahma aliisukuma kurudi. Na Twaha alilala usingizi mnono. Kufuli huvunjwa, aliwaza, lakini mwanamume gani atapita mbele ya mkwe? Hakukumbuka kwamba mkwe wake ni mama wa mtu.

"Imeingiliwa kwenye tundu la chaja," Twaha alisema. "Imewekewa akili nyingine. Mizani ilipokuwa chumbani, nani aliingia?"

"Wanawake waliokuja kumwona mtoto. Mama. Mimi." Rahma akalitazama pazia, akasema kwa sauti ndogo, "Na mjomba wa mtoto."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa.

"Mwambie mumeo," ilisema sauti ya Bi Zuhura, kwa kuwa hakuweza kumsemesha mwenyewe, "kaka yako alikuja kwa heri. Mtoto amepewa jina lake, huyu mikononi mwangu ni Sharifu kama yeye. Mtu humwibia somo wake?"

"Mame," Rahma aligeukia pazia, "si alichomeka waya? Nilizinduka usingizini nikaona amekaa karibu na kitanda na ile kompyuta yake ndogo ya kutengenezea simu."

"Alisema anaichaji! Alisema betri imekwisha, anamsaidia shemeji yake. Mimi na nyaya wapi na wapi?"

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe ulikuwa umelala. Na mumeo siongei naye."

Nje Sharifu alisikika akicheka na vijana, akiwagawia sigara.

"Kisigino chake ndicho kilichonivunja huu," Twaha alisema, akiutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Nikadhani ni hasira."

Mtoto alianza kulia. Bi Zuhura alimbembeleza, na sauti yake ya kubembeleza ikageuka kuwa kilio chake mwenyewe. "Rahma mwanangu, msimtaje. Mumeo ameshapigwa, hasira imewashuka. Yule wakimjua watamuua mbele yangu. Nimezaa wawili tu. Mwambie mkwe wangu nampigia magoti huku niliko."

Na kweli alipiga magoti. Waliusikia udongo wa sakafu ukigongwa.

Twaha alifumba macho. Alikuwa na hasira, tena kali, na alitamani kutoka akalitamka lile jina mpaka koo likauke. Lakini alishawaona wale watu kwa karibu kuliko mtu yeyote siku hiyo. Alikuwa chini yao.

"Mwambie mama ainuke," alisema. "Nitawaambia sijui. Polisi wakifika, hao nitawaambia, wamkamate akiwa hai."

"Na wasipofika?"

"Watafika."

Rahma alimfuta damu kwa upindo wa khanga. "Vumilia basi," alisema, na mara akajichukia kwa kulisema.

* * *

Lori lilifika kabla ya polisi. Lilisikika likipanda kona za chini, likinguruma, na watu wakasimama. Mlango ulipigwa teke. Walimtoa Twaha, wakampigisha magoti katikati ya ua, kwenye nepi za mwanawe.

"Jina," alisema Mzee Rubeni.

"Sijui, mzee."

"Twaha, mimi nilisimamia nyumba yako ilipoezekwa. Nisaidie nikusaidie. Jina."

"Sijui."

Mzee Rubeni aliwatazama watu wake, akalitazama jembe lake, akarudi nyuma hatua chache na kukaa juu ya gogo. Alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili zote alisoma Neno kwa sauti nzuri. Siku hiyo sauti ilimkauka. Wengi humkumbuka kwa wema wake mwingi. Mimi namkumbuka alivyokaa juu ya lile gogo.

"Leteni petroli!" ilikuwa sauti ya Sharifu. Hakungoja iletwe. Alilaza pikipiki yake, akachomoa mpira wa mafuta, akakinga kidumu. Pikipiki ilikuwa mpya, ina ribani za dukani bado kwenye usukani, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza fundi simu ameipata wapi. Akakijaza kidumu nusu, akampelekea Yohane.

Yohane alisita. Mikono ya watu wote ilikuwa nyepesi walipopiga kwa pamoja. Kidumu hushikwa na mtu mmoja. Alimtazama Twaha aliyeinama. "Taja tu," alimnong'oneza, karibu kumsihi. "Taja, tuyamalize."

"Unaongea naye nini?" Sharifu alimpokonya kidumu. Akammwagia shemeji yake kichwani, mgongoni, kwenye lile koti lililochanika. Petroli ilimwingia Twaha kwenye vidonda, akalia kwa mlio ambao mbwa wa jirani aliuitikia. Sharifu alijipapasa mifuko. Akatoa kiberiti.

Unaweza kumwelewa mwizi. Milima hii ni mizuri kwa watalii, lakini kijana aliyechoka kubandika vioo vya simu za watu huambiwa siku moja na mtu mwenye viatu safi, chukua hii programu, ingiza mahali fulani, na moyo ukakubali kabla akili haijauliza. Hilo naliona kila siku. Lakini kiberiti kile mimi mpaka leo sikielewi.

Njiti ya kwanza ilikuwa na unyevu, haikuwaka.

"Kaka!"

Rahma alikuwa mlangoni, kichwa wazi, miguu mitupu. Mzazi ambaye hajatimiza arobaini hatoki uani mbele ya wanaume, na baadhi ya wanawake walipiga hatua kumfunika. Aliwasukuma.

"Kaka, mimi nilinyamaza. Wallahi ningenyamaza mpaka polisi. Mume wangu amevunjwa mkono na wewe akanyamaza. Amemwagiwa mafuta na wewe amenyamaza. Na bado unawasha?" Akaugeukia umati, akamnyooshea kaka yake kidole. "Aliyeigusa mizani ni huyu! Alikuja kumwona mtoto wangu, akakaa kitandani kwangu, akaiingizia uongo kwa waya mimi nikiwa nimelala!"

Sharifu alicheka, kicheko kirefu kuliko kilivyohitajika.

"Mnamsikia? Anamtetea mumewe. Mwanamke atasema nini? Mzazi huyo, ana homa, kichwa hakijatulia."

Watu wakanung'unika. Baadhi waliitikia kwa vichwa kumwunga mkono. Mke hushika upande wa mume, nani asiyejua? Sharifu akatoa njiti nyingine. Mzee Rubeni aliinuka kwenye gogo lake.

"Kuna mwingine aliyekuwa chumbani," alisema. "Bi Zuhura! Toka, mama yangu."

Pazia lilikawia. Kisha mwanamke mfupi, mnene, mwenye mjukuu kifuani, akasimama kizingitini. Alijifunika khanga mpaka kwenye paji la uso, akatazama chini, kwa sababu mkwe wake alikuwa uani.

"Shikamoo, mama," alisema Sharifu haraka. "Waambie. Mimi niliigusa ile mizani?"

"Bi Zuhura," alisema Mzee Rubeni, "wewe ni mtu wa swala tano. Sikuapishi. Kijana wako aliigusa, hakuigusa?"

Uongo ulikuwa mfupi: hapana. Watu wangemwamini, maana mama hasemi uongo kwa urahisi, na wengine walikuwa wanataka kumwamini ili wamalize walichoanza. Bi Zuhura alimtazama mwanawe. Aliona njiti kati ya vidole alivyovifundisha kushika kijiko. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu binti yake aolewe. Aliiondoa khanga usoni, akashuka kizingiti, akaenda mpaka alipopiga magoti Twaha, akamtazama usoni. Macho yalikuwa mekundu kwa petroli, hayakuomba chochote. Akamwekea mkono wake juu ya kichwa kilicholowa.

"Aliigusa," alisema. "Nilimwona. Huyu hana kosa."

* * *

Sharifu alikimbilia pikipiki. Ilikuwa imelala chini, mpira wa mafuta nje, kama alivyoiacha mwenyewe. Alipiga teke la kwanza, la pili, haikuwaka. Walimshika ribani zikiwa mkononi.

"Nilitumwa!" alipiga kelele. "Programu nilipewa! Mimi niliingiza tu! Nitasema aliyenituma, nitasema majani yanauzwa kwa jina la nani kule kiwandani, ngojeni niseme!"

"Msimuue!" Twaha alijaribu kusimama. "Muacheni aseme! Mzee Rubeni, muacheni aseme jina!"

Walewale waliotaka jina tangu asubuhi hawakutaka kulisikia tena. Walikuwa wamempiga asiye na kosa, na aibu hiyo ilitaka mahali pa kwenda. Walimpiga Sharifu kwa mafungu yote mawili, la wizi wake na la kosa lao. Twaha alijitupa juu yake, akamfunika kwa mwili wake uliolowa petroli, na wakamwondoa kwa upole kabisa, "Samahani, karani, pisha kidogo," wakamkalisha pembeni, wakaendelea.

Yohane ndiye aliyelileta jiwe. Lilikuwa limeachwa karibu na mizani. Alilinyanyua kwa mikono miwili mpaka juu ya kichwa, kile chuma cha kilo ishirini chenye mhuri wa serikali.

"Nitasema," alisema Sharifu, mdomo umejaa damu. "Ni mtu wa—"

"Utamwambia Mungu," alisema Yohane, akaliachia.

Bi Zuhura hakupiga yowe. Alikuwa amemziba mjukuu wake macho, mtoto wa wiki chache asiyejua bado anachokiona, na kiganja chake hakikubanduka hapo mpaka watu walipotawanyika. Lori liligeuza chini ya kilima bila kupakia kitu, likashuka kwa kasi. Polisi walifika ukungu ulipokuwa unaingia, viatu vimejaa matope. Wakauliza nani amefanya. Watu wakasema ni wananchi wenye hasira. Wakaandika hivyo.

* * *

Wataalamu walikuja kutoka Tanga kuichukua mizani. Walisema lakiri ni salama, boksi ni salama, programu ndiyo iliyobadilishwa, kazi ya mtu anayejua: imeambiwa kilo ishirini kamili iiseme kweli, uzito mwingine wowote iupunguze. Waliuliza kama mhusika alimtaja aliyemtuma. Mzee Rubeni akasema hakupata nafasi. Hawakuuliza kwa nini. Msimamizi wa lori alibadilishwa, na kuna waliomwona huyo wa zamani Korogwe akiwa na viatu safi, lakini kuona mtu mwenye viatu safi si ushahidi.

Bi Zuhura alirudi Mnazi baada ya matanga. Asubuhi ya kuondoka alipita sebuleni mchana kweupe, hakujifunika, na Twaha hakugeukia ukuta. Waliagana kwa kushikana mikono, Twaha akitoa wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukupona vizuri. Baada ya lile lililotokea uani hakukuwa na cha kufichana. Ndugu walishauri mtoto abadilishwe jina, jina lile lina nuksi. Rahma alisema libaki.

Mizani mpya ikaletwa. Hii ina namba ya siri ya watu watatu, kila mmoja na yake, na hailali nyumbani kwa mtu. Inalala ofisi ya kijiji, kwenye sanduku la chuma. Kikundi kilimwomba Twaha aendelee na ukarani. Walimchangia koti. Alikataa koti, akakubali kazi, kwa sababu mwenye njaa hana pa kususia.

Siku ya kwanza ya majani watu walipanga mstari mapema, matenga yamejaa, hakuna aliyeongea kwa sauti. Ulifika wakati wa jiwe. Lilikuwa pale pale pembeni ya banda. Mtu alikuwa amelisugua kwa mchanga na sabuni mpaka mhuri ukang'aa. Twaha alilitazama, akautazama mkono wake.

"Silimudu," alisema. "Mmoja wenu anisaidie."

Hakuna aliyesogea. Wakatazamana, wakamtazama Yohane, naye akatazama matope kwenye buti zake.

Rahma alikuwa anapita njia ya juu, arobaini imetimia, mtoto mgongoni, anatoka kliniki. Akasimama. Akashuka mpaka bandani, na mstari ukamfungukia wenyewe. Hakumwamkia mtu. Alifungua mbeleko, akamshusha mtoto, akamlaza juu ya bamba la chuma kwenye khanga iliyokunjwa. Mtoto akashtuka kwa baridi, akatupa miguu.

"Huyu ni Sharifu," alimwambia Yohane. "Soma."

Namba zilitetemeka, zikatulia.

"Soma kwa sauti," alisema Rahma, "watu wasikie."

Mtoto alilia, na mstari mzima ukaangalia chini. Yohane alifungua mdomo, akaufumba, na namba nyekundu zikaendelea kuwaka mbele yake, hakuna aliyezisoma.